Kileleni na Wifi Kabla ya Treni ya Jumanne

Wifi Zuhura, mke wa kaka yangu, alikuwa anahamia Tabora Jumanne. Miaka minane tulikuwa tukiutazama mlima ule wa nyuma ya kijiji cha Kasokola na kuambiana, "Siku moja." Siku zenyewe ziliisha, ikabaki Jumamosi. Nikafunga duka langu la vitenge nikatafuta kalamu.

Mpango wangu ulikuwa mzuri, haki ya Mungu. Saa kumi na mbili asubuhi tunatoka Mpanda, saa moja na nusu tunaanza kupanda, saa nne tuko kileleni kabla jua halijawa kali. Maji, raba, mihogo ya kuchemsha. Wifi aliisoma ile karatasi akacheka. "Hujaandika saa ya kupumua."

Saa kumi na mbili kamili bodaboda mbili zilitubeba. Kibaridi kilikuwa kinakata masikio, nami nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha.

Saa moja na robo tulifika kwa Mama Kulwa, mteja wangu, Msukuma anayefuga ng'ombe chini ya mlima. Nilihesabu dakika tano: tumsalimie, atuonyeshe njia, twende zetu. Tukamkuta anamkimbiza jogoo.

"Mama, sisi tunawahi kileleni," nikamwambia.

"Mtawahi," akasema, jogoo tayari mkononi. "Ila kwangu mgeni hapiti na njaa. Nyie mkizimia huko juu, watu wataniuliza niliwapa nini."

Jogoo wa kienyeji haivi kwa kuombwa. Saa nne ilinikuta kwenye kigoda, namenya vitunguu, nimenuna. Nikamnong'oneza wifi kwamba basi tena, jua limeshatushinda. Alikuwa anautazama mlima, macho yamemlowa, na moshi ulikuwa unaelekea upande mwingine.

Saa tano na nusu tulikula ugali, kuku na maziwa ya mgando. Mama Kulwa akanawa, akachukua fimbo, akauliza tulipanga kupitia wapi. Nikamwonyesha.

"Pale pa mawe? Hapo saa hii mngeungua. Tufuate njia ya ng'ombe, ina kivuli karibu mpaka juu."

Saa nane kasoro tulikuwa kileleni. Jamani! Msitu hauna mwisho, mabati ya Mpanda yanametameta, upepo unatuvua mitandio. Wifi alinikumbatia, tukapiga vigelegele kama tuko harusini. Simu yake ikaita: kaka anauliza masufuria yamefungwa wapi. "Nitakwambia nikishuka," akajibu, akaizima.

Saa kumi na moja tulikuwa chini, tumejaa vumbi. Nilichojifunza ni hiki: ukipanga kupanda mlima wa huku kwetu, hesabu kwanza nyumba utakazopita, ndipo uandike saa.

Jumanne nilimsindikiza wifi stesheni. Akachungulia dirishani.

"Nenda kafungue duka, wifi. Tulichoahidiana tumekimaliza."

Nililia njia nzima, lakini duka nilifungua.