Mgrevilea Juu ya Paa la Enesi

Jamani, mimi bado nina hasira, na habari za jirani yangu Enesi nitazisimulia kwa hasira hivyo hivyo.

Enesi anauza kikande, kile chakula cha viazi pori na karanga, hapa Tunduma, pembeni ya barabara ambako malori hupanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Alipanga chumba kwa Mzee Lusubilo, akaishi na mama yake, Bibi Anna, ambaye kiharusi kimemlaza, hata kugeuka hawezi. Mbele ya chumba ulisimama mgrevilea mkubwa. Mzee aliuleta ukiwa mche kutoka kwao Mbozi, ambako miti hiyo hutia kahawa kivuli, na aliupenda kuliko nyumba yenyewe.

Sasa ona watu walivyoufanyia. Madereva walilalamika kwamba matawi yanakwaruza makontena, basi yakakatwa yote ya upande wa barabara. Uzito ukabaki juu ya paa la Enesi. Halafu wakaja wachimba mtaro wa bomba la maji, wakakata mizizi ya upande ule ule wa barabara, yaani ndiyo iliyokuwa inaushikilia mti usiilalie nyumba. Wakafukia, wakaenda zao!

Enesi akamfuata mwenye nyumba. "Baba, naomba tupunguze na matawi ya huku. Mama hawezi kukimbia."

Mzee akacheka. "Binti yangu, mti wenye majani mabichi hivi uanguke? Kwetu Mbozi sijawahi kuona mgrevilea umeanguka."

Kwao Mbozi! Kule inasimama mingi pamoja, inakingana upepo, na hakuna anayeikata mizizi. Tulimwambia hayo mimi na Enesi, akatuona wanawake waoga tu. Enesi alirudi tena na tena, mpaka mzee akawa akimwona anajifungia ndani. Kuhama nako kukashindikana. Kila mwenye chumba akisikia kuna mgonjwa, chumba kimeshapata mtu.

Mvua za Januari zikaja na upepo wake. Jioni moja Enesi alikuwa anaanua nguo, akaona udongo wa upande wa barabara unainuka na kushuka kila mti unapoyumba, kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Hakungoja mtu. Alimbeba mama yake mgongoni, akaingia kwangu anahema, matope mpaka magotini. Tulikuwa bado tunamlaza Bibi kwenye kochi tukasikia kishindo. Mti ulikuwa umelalia kitanda chake, na majani yake mabichi kabisa.

Mzee Lusubilo akafika na majirani. Akaitazama ile mizizi iliyokatwa, akakitazama chumba, akavua kofia.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mungu amemtoa mama yetu salama."

Watu wakaitikia amina. Enesi akamsogelea mzee.

"Mungu nitamshukuru mwenyewe, Baba," akasema. "Wewe nijibu: mama analala wapi leo?"