Redio Inayopunja

Wenye maduka walimwita Mama Mizani, ingawa hakuwahi kuzaa. Alikuwa mkaguzi wa vipimo. Kwa miaka ishirini na sita alizunguka mji hadi mji na sanduku la mawe ya mizani kwenye buti, akizifungia mizani zinazopunja. Gari lake likitokea tu, wauza nyama walikatiza mazungumzo.

Miaka minne ya mwisho hakusafiri peke yake. Mama yake mzazi, ambaye macho yalikuwa yamemwisha, alikataa katakata kuachwa nyumbani. Alikaa kiti cha pembeni na kubishana na watangazaji wa redio kutwa nzima. Alifariki mwezi wa tatu. Tangu hapo binti aliendesha huku redio imezimwa, akagundua kuwa wiki nzima inaweza kupita bila mtu kumwita kwa jina lake.

Alipoiwasha tena, kila alipoongeza sauti muziki ulizidi kukonda. Alidhani ni masikio yake. Akampelekea gari fundi wa redio, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Fundi alimwambia masikio hayana kosa, wala spika hazijafa. Redio iliyokuja na gari ndiyo inayokata besi, zile sauti nzito, kila sauti ikipanda, ili kuzilinda spika ndogo. Akaunganisha kipimo, akaongeza sauti, na kwenye kioo cha kipimo mstari wa besi ukashuka.

"Kumbe inapunja," alisema Mama Mizani.

Fundi akamwekea mezani prosesa mbili za sauti, visanduku vya kurekebisha muziki. Ya kwanza inaongeza nguvu tu. Kilichokatwa kinabaki kimekatwa. Ya pili inairudisha besi, tena inaichelewesha kidogo spika iliyo karibu ili sauti zote zifike sikioni kwa pamoja. Mama Mizani aliuliza maswali mpaka chai ya fundi ikapoa: je, itabidi waya za gari zikatwe? Inakula betri gari likilala? Ikiharibika, nani ataitengeneza? Mwishowe akachukua ya pili.

"Unasafiri na nani, mama?" fundi akauliza. "Niipime sauti kwa kiti kimoja au viwili?"

"Viwili," alijibu upesi.

Fundi akamweleza taratibu kwamba kwa viwili, kila kiti kitapungukiwa kidogo. Hakuna kitakachopata sauti kamili.

Kwenye kiti cha pembeni bado kulikuwa na mto wa sponji, umebonyea katikati. Mama Mizani akafungua mlango, akauchukua, akaupeleka kwenye buti na kukaa huko nyuma kitambo, kama anayetafuta kitu.

"Weka cha dereva," alisema aliporudi. "Kile kingine hakina mtu."

Fundi akaning'iniza maikrofoni ndogo ya kupimia sauti pale kichwa cha dereva kinapokaa, na kazi ikachukua mchana mzima.

Kesho yake Mama Mizani alisafiri kwa saa mbili kwenda kukagua soko. Mwimbaji alisikika mbele ya usukani, waziwazi, na nyuma yake sauti ya pili ya mwanamke ambayo Mama Mizani hakuwahi kujua kama imo katika wimbo ule aliouzoea. Akageuka kushoto, kwenye kiti cha pembeni, kusema, kisha akatazama tena barabara. Alipofika sokoni aliuacha wimbo uishe, akazima gari, akashuka kwenda kuanza na mizani ya muuza mchele.