Mayai ya Korongo Chini ya Kuku Wangu

Sikuiba. Niliokoa. Wacha hiyo ijulikane kwanza, kabla mtu aanze kuniangalia na macho ya polisi.

Nyuma ya ploti yangu hapa Yamumbi kuna kinamasi. Kila mvua ikianza, korongo wawili walikuwa wanakuja kutaga huko, wale wa taji ya dhahabu kichwani, wanatembea kama maharusi wanaogopa kuchafua viatu. Asubuhi wanaita, o-waaang, na mimi naitikia nikiwa jikoni, o-waaang. Wapangaji wangu walikuwa wanacheka. Niliwaambia hao ndege angalau wananisalimia.

Jirani yangu ni mzee wa kutoka kule ziwa. Alikuwa karani mjini, na mpaka leo anaongea kama amekaa nyuma ya meza. Mwaka huo akachimba mtaro akaushe kinamasi apande sukuma wiki. Maji ikapungua, kiota ikabaki kwa matope na mayai matatu ndani, hata mbwa anaweza kufika. Nikaenda kumwambia afunge huo mtaro. Akavuta suruali juu, akasema, na kwake shamba hutoka samba, "Mama, hii samba iko na hati. Ndege hana hati."

Hiyo sauti nilienda nayo kila mahali. Sokoni, kanisani, kwa kisima, navuta leso juu kama suruali, ndege hana hati, watu wanashika mbavu. Nikamwita mfukuza korongo. Jina ikamshika.

Lakini mayai nilikuwa nayaonea huruma. Nilikuwa na kuku amelalia siku ya pili. Sisi huku mayai ya bata tunawekea kuku, na inatoka sawa. Kwa hivyo nikaingia matope na gambuti, nikabeba yale matatu kwa leso, nikayasukuma chini yake. Kuku akanidonoa, akakubali.

Bata najua. Unaweka mayai yake wiki moja kabla ya yale ya kuku, ndio watoke pamoja. Korongo nilisema ni ndege tu.

Wale wawili walisimama kwa kiota siku mbili. Waliita na sikuitikia, sijui kwa nini. Siku ya tatu hawakuwepo.

Kuku akaangua vifaranga vyake tisa, akashuka, akaenda nao kuchakura. Hakuangalia nyuma. Nilifunika yale mayai matatu na sweta, nikaweka karibu na jiko. Wapi. Yalikuwa baridi kama mawe ya mto.

Mtu akapiga simu, akaja msichana wa ofisi ya wanyamapori, sauti nyembamba ya kwa redio. "Shosho, korongo analalia karibu mwezi mzima. Na hawa walikuwa bado wanalalia. Tungeongea na mzee afunge mtaro, basi."

Majirani walikuwa wamejaa kwa uwanja wangu, na mimi mdomo haijawahi kuniacha. Nikamwambia msichana asiniulize mimi, amuulize mfukuza korongo, yule pale kwa ua. Nikavuta leso juu. Watu wakaanza kucheka.

Mzee hakucheka wala hakukasirika. Aliangalia yale mayai kwa sweta, halafu mimi.

"Mama," akasema, "maji nilitoa mimi. Mayai ulitoa wewe."