Kome la Kapteni Argiris

Sauti ya kome ndiyo iliyobaki. Pumzi moja ndefu, nzito, inagonga mwamba na kurudi, kisha kimya. Kila aliyekulia kisiwani kwetu anaijua: Kapteni Argiris anawaita waogeleaji warudi mashuani.

Kome lenyewe, gamba la konokono wa baharini, lilikuwa la babu yake, kubwa kama kichwa cha mtoto, limekatwa ncha ili lipulizike. Babu alilipuliza kutangaza samaki. Argiris alilirithi pamoja na mashua, na samaki walipopungua na wageni kuongezeka, akaipaka mashua rangi ya buluu, akafunga viti na turubai la kivuli, akaanza kuwatembeza watu kwenye fukwe zisizofikiwa na barabara. Asubuhi Ufuo wa Kokoto Nyeupe, mchana Pango la Sili, alasiri Mwamba wa Bibi Harusi, wanakoruka vijana.

Mimi huuza tikiti kwenye kibanda cha gatini, kwa hiyo nilimsikia kila asubuhi akiwatania wageni walioshuka kutoka meli ya Athene.

"Ule mwamba ni mama mkwe wangu," angesema. "Mungu alimgeuza jiwe akiwa katikati ya kunigombeza. Mpigeni picha, ila msimwamshe."

Stratos, mwenye mashua ya jirani, angedakia: "Mama mkwe wako alikuwa mwema, Argiris. Alikupa binti bila kukupima akili."

"Alinipima uvumilivu. Ndiyo maana wewe hukupewa."

Wageni walicheka hata wasipoelewa. Nyuma ya mashua, miguu peku, taulo begani, Mikes naye alicheka. Alikuwa mwana pekee wa Argiris na mkewe Kaliroi, kijana aliyemaliza shule, jua limemkoleza hadi meno yakaonekana meupe kuliko yalivyo. Kazi yake ilikuwa kushika nanga, kuwakatia watu tikiti maji, na baba akishapuliza kome, kuhesabu vichwa. Kisha alisema maneno yale yale: "Wote wamepanda, Kapteni." Bila maneno hayo nanga haikung'olewa.

Ilikuwa Agosti, wiki ya sikukuu ya Bikira Maria, kisiwa kimefurika. Mikes aliruka kutoka Mwamba wa Bibi Harusi mbele ya wageni kama kawaida yake. Wakapiga makofi. Kome likalia, wageni wakapanda ngazi wakichuruzika maji, Mikes hakuonekana. Argiris akapuliza tena.

Hakushtuka. Vijana wa kwetu wana mchezo huo, na baba zao walikuwa nao: unazunguka mwamba kwa kuogelea hadi ghuba ya pili, unarudi kijijini kwa njia ya mbuzi juu ya kilima, na mashua inapofika inakukuta umekaa gatini, unapiga miayo kana kwamba umechoka kuingoja. Argiris mwenyewe alimfanyia baba yake hivyo mara nyingi.

"Nikimkuta gatini nitampa turubai alifue, mpumbavu huyu," alisema. Akahesabu vichwa mwenyewe. Akasema mwenyewe, "Wote wamepanda." Akang'oa nanga.

Gatini hapakuwa na mtu aliyekaa.

Wazamiaji walitafuta. Stratos alitafuta hadi mafuta yakamwishia, akavutwa kwa kamba kurudi nyumbani. Maji yale wageni huyasifu kwamba unaona kivuli cha mashua kwenye mchanga wa chini. Hayakuonyesha kitu.

Msimu uliofuata Argiris alirudi kazini, na watu wakasema ana moyo wa jiwe. Hawakujua kwamba hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Utani uliisha. Akifika mwambani alipuliza kome kwa ajili ya wageni, wakapanda wote, kisha akaigeukia ghuba ya pili na kupuliza tena. Akangoja. Mwishowe alimwashiria kwa kidevu Manthos, kaka yake Kaliroi aliyechukua nafasi ya Mikes, naye akang'oa nanga bila kusema neno. Maneno yale alikatazwa.

Wageni walidhani ni sehemu ya matembezi. Walirekodi kwa simu. Mama mmoja alimwomba arudie kwa sababu upepo ulimharibia. Akarudia.

Kwetu marehemu hupikiwa ngano. Huchemshwa, ikachanganywa na sukari, lozi na punje za komamanga, padri akaisomea kwa jina la aliyekufa, watu wakala kijiko kimoja kimoja wakimwombea rehema. Mikes hakuwahi kupikiwa. Mfuko wa ngano ulikaa jikoni kwa Kaliroi misimu mitatu. Dirisha lake na langu yanatazamana, na Septemba ya msimu wa tatu niliwasikia.

"Unamwita kila siku," Kaliroi alisema. "Mtu anayeitwa hawezi kulala."

"Simwiti alale."

"Sasa nisikilize, mume wangu. Siwezi kumpikia peke yangu. Nusu ya mtoto ni yako, nitaizikaje kwa nguvu?"

"Unataka nini?"

"Uende pale, upulize mara ya mwisho, useme maneno yake. Basi. Nami nitachemsha."

"Niliyasema mara moja, Kaliroi. Ndiyo yaliyomwacha majini."

"Ulikosea kosa ambalo baba yeyote wa hapa angelikosea. Nimeshakuambia. Nitakuambia hadi nife."

Sahani zilisogezwa.

"Safari ya kufunga msimu," alisema Argiris. "Nitayasema."

Asubuhi ya safari hiyo Kaliroi aliloweka ngano, akavaa nguo zake nyeusi, akapanda mashua kwa mara ya kwanza tangu Agosti ile. Aliniomba niende naye, nikafunga kibanda. Wageni walikuwa wachache, wazee waliokuja baada ya joto kupungua. Jua lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililoniuma, jua lilikuwa zuri mno, na maji mwambani yalikuwa safi kama siku zote.

Argiris alipuliza. Wazee wakapanda taratibu, wakajifunga taulo. Akaigeukia ghuba ya pili, akapuliza tena. Sauti ikagonga mwamba, ikarudi. Kaliroi alinishika mkono.

Juu ya kilima mawe yakaporomoka. Argiris aliinua kichwa, sote tukainua vichwa. Ukingoni alisimama mbuzi, akatutazama, akaenda zake.

"Shemeji," Manthos alisema kwa upole, "upepo unageuka."

Argiris alilishusha kome, akalipakata kama mtu anayepakata mtoto aliyesinzia. Akafumbua mdomo. Midomo ya Kaliroi nayo ilifumbuka, ikamtangulia katika maneno yale, kama mama anavyomfundisha mtoto sala. Argiris alimtazama mkewe muda mrefu, akimwomba radhi kwa macho, na kwa sauti ambayo injini ingeimeza kama ingekuwa imewashwa, akasema:

"Bado mmoja."