Mapanga ya Musyoka wa Gede

Musyoka alikuja Gede kijana, kutoka Wamunyu, na tezo lake mkononi. Kazi yake ilikuwa kuchonga twiga na vifaru wa mti wa kuuzia watalii. Mkewe, Mueni, ndiye aliyewapiga msasa, maana kwa wachongaji wengi wa Kikamba kazi hugawanywa hivyo: mume achonga, mke alainisha. Watalii walipopungua, Musyoka akajifunza kuchomelea vyuma, akawa fundi wa mageti na madirisha. Lakini banda la kuchongea hakulivunja.

Mimi hupita kwake nikitoka Kakuyuni, maana miguu yangu haipendi kukaa. Siku moja nikakuta bandani kitu kama baiskeli ya magurudumu matatu, kina kiti kimoja, injini nyuma ya kiti, na mlingoti wa chuma juu yake.

"Shikamoo mzee," akaniamkia.

"Marahaba, fundi. Hiki nacho ni nini?"

"Ndege."

Nikacheka, naye akacheka, kisha akanieleza polepole. Injini husukuma kutoka nyuma. Kule juu ya mlingoti hukaa mapanga mawili marefu, kama ya feni ya dari, ila injini haiyazungushi. Ni upepo wa mwendo ndio unaoyazungusha, nayo yakizunguka hukibeba chombo. Aliwahi kuona kimoja kikipita juu ya Watamu, baadaye akaitwa kukichomelea kiti, na tangu hapo hakutulia.

"Vyote nimemaliza," akasema. "Bado mapanga tu."

Na mapanga ndiyo yaliyoshika roho yake. Panga moja likikatika huko juu, mtu hana pa kushika. Mueni alilijua hilo vizuri kuliko sote.

"Ndege mimi siikatai," aliniambia huku akinimiminia chai. "Ninachokataa ni matanga."

Tulikwenda Watamu, Musyoka na mimi, kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa na mapanga ya aluminiamu. Yalikuwa meupe, yanang'aa. Musyoka akalaza jicho kwenye ukingo kama anayetazama mbao sokoni.

"Yamewahi kugusa chini haya?"

"Kidogo tu. Yakanyooshwa."

Musyoka akashukuru, akayaacha pale pale. Njiani akaniambia, "Waya ukiupinda ukaunyoosha, ukaupinda tena, mwisho wake si unaujua? Aluminiamu ni hivyo hivyo." Mapya yangetoka ng'ambo, na kungoja asingeweza. "Mti naujua, mzee. Nitachonga mwenyewe."

Akachukua gogo la mwarobaini, akalipasua, akachonga panga la kwanza, halafu la pili. Aliyachonga yakiwa na unyevu bado, kama wachongaji wanavyowachonga twiga, maana mti mbichi ni mlaini kwa tezo. Akawa anayaning'iniza kwa kamba kwenye boriti, moja baada ya jingine, akipunguza huku, akipunguza kule, mpaka yakawa sawa kwa uzito na sawa kwa mizani. Randu, jirani yake Mgiriama ambaye pia ni mchongaji, alikuwa hatoki pale.

"Wakamba mumewachoka wanyama, sasa mwachonga upepo," akamwambia.

"Nyamaza, Randu. Siku nikipita juu ya shamba lako utaniita bwana."

"Nitakuita marehemu."

Wakacheka. Ikaja mvua, kisha jua kali. Panga moja likafanya ufa karibu na shina, pale linapofungwa kwa bolti. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Musyoka akachukua unga wa msumeno, akauchanganya na gundi, akaushindilia kwenye ufa, akangoja ukauke, akakwangua. Ndivyo wafanyavyo twiga akipasuka shingo. Dawa, wanaiita. Hakumwambia mtu, na sidhani kama hata yeye mwenyewe alijiambia.

Randu alimwona. "Nani ataona?" akasema, akaendelea na kazi yake.

Jumamosi, nami nikiwa pale, Musyoka akampa Mueni mapanga ayapige msasa wa mwisho kabla ya rangi. Mueni hufanya kazi hiyo amefumba macho. Alifika kwenye shina, kiganja kikasimama. Akarudi nyuma kidogo, akapita tena.

"Baba Mwende, hapa umetia dawa."

Musyoka akaliweka tezo chini.

"Shemeji, huo ni unywele tu," Randu akaingilia.

"Wewe Randu funga mdomo." Akafumbua macho, akamtazama mumewe. "Twiga akipasuka, mtalii hulalamika. Wewe ukipasuka, mimi nitamlalamikia nani?"

Musyoka akainama. "Sikukusudia, Mama Mwende. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Basi huo mkono ndio utakaoniua mume."

Nilidhani atabisha, maana kazi ilikuwa kubwa. Hakubisha. Alikwenda kuchukua msumeno. Akalikata pale pale kwenye ufa, ndani tukaona mpasuko umeingia mbali kuliko unywele, umepinda kufuata nyuzi za mti. Panga likizunguka huvutwa kwa nguvu kwenda nje, na nguvu yote hukaa hapo shinani. Randu akaacha mzaha. Halafu Musyoka akalikata na lile zima, kwa kuwa yalichongwa pamoja, na moja halifai kitu bila mwenzake.

Sasa ameanza upya. Ananunua mbao nyembamba zilizokauka, anazibandika tabaka juu ya tabaka. Mueni ametoa sharti lake: hapana rangi, vanishi tu isiyoficha kitu, ili mti wote uonekane. Musyoka amekubali. Pia amesema hataondoka ardhini kabla wakaguzi wa ndege hawajakitazama chombo, na siku ya kwanza kitavutwa tu kwa kamba nyuma ya pikapu.

Nilipopita juzi, alikuwa amemaliza panga la kwanza. Alimpelekea mkewe kabla hajamwonyesha mtu mwingine. Mueni akalipitishia kiganja, huku na huku, akarudia, akalirudisha.

"Hapa katikati gundi haikushika."

Musyoka akalipokea, akaliegemeza ukutani, akaenda kuchagua mbao nyingine.