Pipa la Chuma na Maji ya Mgunga

Nikifumba macho nazikumbuka asubuhi za ujana wangu, mwanangu, ziwa limetulia kama maziwa ndani ya kibuyu, ukungu umefunika mawe hata huoni maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa naishi na shangazi yangu Kabula ufukweni, upande wa Magu, na kazi yake ilikuwa kupika magome ya mgunga.

Wewe umekulia kwenye viatu vya plastiki, hujui ninasema nini, kwa hiyo tulia nikueleze. Ngozi ya ng'ombe ukiiacha hivi hivi inaoza, au inakauka ikawa ngumu kama bati. Lakini ndani ya gome la mgunga kuna kitu kikali, ukikilamba ulimi unakauka na mashavu yanavutana. Hicho ndicho kinaigeuza ngozi ikawa ya kuvaliwa mguuni. Kukitoa kwenye gome ndiyo kazi yenyewe. Unalitwanga, unaliloweka siku mbili, unachuja, halafu unapika kwenye vyungu vya udongo kwa moto mdogo wa mavi ya ng'ombe, kutwa nzima, mpaka maji yawe mekundu na mazito kama asali. Moshi wake ulikuwa unatambaa juu ya maji taratibu, nami nikikaa karibu nilikuwa naona kama dunia yote inasinzia.

Shangazi alikuwa anabandua gome upana wa kiganja tu, upande wa jua linakochomoza, kisha anapaka tope pale penye kidonda ili mti usife. Mwaka unaofuata anahamia upande wa pili. Mgunga wa karibu ulikuwa mmoja, nyuma ya nyumba, alioachiwa na baba yake.

Miaka ile milango ya biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa. Mwanza mjini vitu vilimwagika: mitumba, redio, kandambili za kila rangi. Mafundi wa ngozi wengi walifunga milango. Aliyebaki akinunua maji ya shangazi ni Fundi Masanja, mzee mmoja wa mtaa wa Mirongo, pale mjini, mwenye karakana ya viatu na mikanda. Siku tulipompelekea mzigo akanitazama, akasema, "Minza, niletee debe moja ulilopika wewe, bila mkono wa shangazi yako. Likiwa zuri, kuna kiti hapa karakana. Nitakufundisha kushona."

Mwanangu, nilikitaka kile kiti kuliko nilivyotaka mume. Na wachumba walikuwepo.

Wiki hiyo shangazi akaitwa msibani Bujora. Akaniachia vyungu vyake vitatu. "Usikimbize moto," akasema akijifunga khanga. "Na chuma kisiguse hayo maji."

"Kwa nini, shangazi?"

"Kwa sababu nimesema."

Akaondoka. Wazee wa wakati ule hawakuwa na maelezo.

Jirani yetu Mama Kulwa akapita, akanikuta napuliza moto. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Wee Minza! Na hivyo vyungu, utadhani bibi kizee! Mume wangu kanunua pipa la chuma mjini, jipya kabisa. Lichukue. Kesho umemaliza, keshokutwa umeshakaa kwenye kiti."

Nikalichukua. Pipa lilikuwa kubwa, na gome la upana wa kiganja halikufunika hata chini yake. Basi nikachukua panga nikabandua tena, na tena, mpaka nikauzunguka ule mgunga wote, ukabaki mweupe kiunoni kama mtu aliyevuliwa nguo. Tope sikupaka. Nikalitwanga haraka haraka, nikalitia pipani na maji bila hata kuliloweka, nikachochea kuni kubwa kubwa, moto ukanguruma, nami nikakaa juu ya jiwe nikitazama ziwa. Nilijiona Mirongo, nimevaa gauni la bluu, nashona kiatu cha bibi harusi. Ndoto ya mchana kweupe, tamu kama usingizi.

Nilipogeuka, maji yalikuwa meusi. Kwanza nikadhani ni kivuli cha wingu. Nikaangalia juu, hakuna wingu. Nikakoroga. Yalikuwa meusi kama wino wa shuleni, yale maji yaliyopaswa kuwa mekundu.

Shangazi aliporudi hakupiga kelele. Alichovya kidole, akakitazama.

"Imekuwaje?"

"Labda mti umezeeka, shangazi."

Akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikaa chini bila kutandika kitu.

"Mti haujazeeka, Minza. Umeuua." Kisha akasema, "Jaza debe. Kesho tunakwenda Mirongo."

"Nitamwambia nini mzee wa watu?"

"Ulichofanya. Mdomo ulionidanganya mimi, huo huo ukaseme kweli."

Fundi Masanja aliitikia shikamoo yetu, akachukua kipande cha ngozi, akakilaza ndani ya yale maji. Tukangoja. Mchana ule ulikuwa mrefu, mwanangu, nyundo za karakana zilikuwa zinalia kama ziko mbali sana, ng'ambo ya maji. Alipokitoa, akakikausha juani na kukikunja, kikakatika kama kijiti kikavu.

"Umepikia kwenye chombo gani?"

"Pipa la chuma, baba. Na mgunga nimeubandua kuuzunguka wote."

"Ndiyo maana yamekuwa meusi, chuma na mgunga havipatani. Vyungu havikuwepo?"

"Vilikuwepo. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi, binti? Kiti si kilikuwa hapa hapa kinakungoja?"

Nikalibeba debe langu nikatoka. Wiki iliyofuata alikaa msichana mwingine kwenye kile kiti. Alikuwa mzuri wa kazi, sina la kumsema.

Mgunga ulipukutika majani, na mvua zilipokuja haukuchipua tena. Tangu hapo shangazi alitembea nusu siku kufuata gome, mpaka magoti yakamkatalia, nikawa naenda mimi peke yangu. Kupika nilijifunza, tena vizuri. Kile kiti sikukipata kamwe, na sitakudanganya kwamba nilipata kingine kilicho bora kuliko hicho.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Mtu aliyeifanya kazi miaka mingi akikuambia usifanye jambo fulani, muulize kwa nini, lakini uliza kabla hujafanya. Akikataa kukueleza, tii kwanza, udadisi utaumalizia baadaye kwenye kitu kidogo ambacho hakitaumiza mtu. Chombo kipya usikichukue kwa sababu ni kipya tu. Unapochukua kitu kwenye kiumbe kilicho hai, chukua kiasi ambacho kitakiacha hai. Na ukiharibu, usitafute wa kumsingizia, hata kama ni mti. Sema mwenyewe, siku hiyo hiyo, kwa yule yule uliyemharibia. Utapoteza ulichotaka, ndiyo, lakini utaweza kumtazama mtu usoni.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe afya, akupe kazi unayoitamani, na akupe watu watakaokuambia ukweli bila kukuchoka. Nenda na amani.