Mstari wa Kiatu

Mdogo wetu wa mwisho anachonga penseli kwa wembe kibarazani, na harufu yake inanifikia hapa ninapopanga viatu vya mitumba.

Siku aliyozaliwa yeye, mwalimu wa sanaa alituambia darasani tuvue kiatu kimoja, tukiweke juu ya dawati, tukichore bila kutazama karatasi. Penseli ifuate jicho, isiinuke mpaka mstari urudi ulipoanzia.

Mama alikuwa hospitali tangu jana yake, amekwenda kujifungua.

Nilikuwa kwenye kisigino nilipomsikia mama mdogo mlangoni akimnong'oneza mwalimu. "Mtoto ni mzima, lakini dada yangu..." alisema, kisha akajifunika uso kwa kanga. Sikugeuka. Nilijiambia nisipoinua penseli, hawataniita. Nikaifuata soli polepole, kila mshono, kila pale ilipobanduka.

Mwalimu akanishika mkono. "Inua sasa, mwanangu."

"Mstari bado haujarudi, mwalimu."

"Najua. Vaa kiatu, mama yako mdogo anakusubiri."

Nilikivaa, na sikurudi tena kwenye lile dawati.

"Dada, imekatika tena," anasema mdogo wangu kibarazani.

"Lete," namwambia, na ninaichonga upya.